Skrubu ya Tatu Haina Rangi

Mwanangu Yusta,

Bwakeye. Nakupa salamu ya asubuhi ingawa hapa Heru Juu jua linazama, kwa sababu najua karatasi hii utaifungua kesho, basi likiwa limekwisha kuondoka stendi ya Kasulu na mimi nimebaki nyuma kwenye vumbi. Nitakupitishia dirishani boksi la sabuni lililofungwa kwa kitenge changu cha kijani. Usilikalie. Usimpe kondakta alirushe juu na mikungu ya ndizi. Lishike mapajani mpaka Kigoma. Ndani yake imo mashine yetu.

Habari za kula kwa wakati, kufunga mlango na kutopokea soda ya mtu usiyemjua, baba yako atakuwa amekwisha kuzisema njia nzima kutoka Kumsenga hadi Kibondo. Namjua. Hata siku za kunichumbia, wenzake walisema maneno matamu, yeye alinionya kuhusu malaria. Kwa hiyo hayo nayaruka. Mimi nitakuambia habari za mashine, na nikipotea njia nivumilie. Tangu mchana nimekaa nje ya kibanda chetu, ukungu unapanda kutoka bondeni, na leo akili yangu inatembea polepole kama mtu aliyeamshwa kabla usingizi haujaisha.

Nakumbuka ulivyonisimulia maneno ya yule bwana wa studio ya Kigoma. Ulikuwa unacheka, lakini kicheko chako kilikuwa na woga. Alikuambia, "Cheti sikuulizi. Niletee kitu ulichokijenga kwa mikono yako, nikisikie. Kikiwa kizuri utabaki ujifunze. Kikiwa kibaya, basi la kurudi lipo kila siku." Halafu juma hilohilo mashine ikaanza kukatakata sauti, ukaipakia kwenye basi iniletee ugonjwa wake huku. Uliandika kwenye simu, "Mama, imekufa. Nisaidie." Nimeisaidia. Haijafa. Lakini kuna jambo moja sijalimaliza, na nitalifikia.

Wenzangu tunaogonga nao kokoto machimboni hawaelewi ni mashine gani. Nikisema kompresa, Mama Restuta wa Titye anauliza kama tutajazia tairi za bodaboda. Nimemweleza hivi: ni kifaa kinachokaa kati ya kinasa sauti na spika, kama mama aliyekaa kati ya watoto wawili. Mtoto mwenye kelele anamshika bega ashuke, yule mpole anapata nafasi ya kusema. Mama Restuta akafikiri, akagonga jiwe lake, akasema, "Basi mnunulie mume wangu mbili."

Wewe unajua kwa nini tuliijenga. Ni kwa ajili ya Babu yako, baba yangu.

Nilikua nikilazwa na inanga yake. Ule ubao aliouchimba kama karai refu, na uzi mmoja uliopita huku na huku mpaka ukawa nyuzi nyingi. Walipokimbia Burundi alivuka nao mgongoni, akaacha chungu. Bibi yako hakumsamehe mpaka anazikwa. Alikuwa akisema, "Wenzangu walikuja na sufuria, mimi nilikuja na mwanamume na ubao wake." Lakini jioni, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kusogeza kigoda.

Inanga haiimbiwi kwa sauti. Anayeipiga hunong'ona. Nyuzi zinapanda na kushuka, na mnong'ono unatembea chini yake, mpaka sikio lako linaamini kwamba mnong'ono nao unaimba. Babu alinong'ona habari za ng'ombe waliopotea, za mto uliojaa, za mtu aliyerudi kwao akakuta mlango umehamishwa upande wa pili wa nyumba. Sikuwahi kufika mwisho wa hadithi hata moja, usingizi ulinichukua. Mpaka leo sijui yule mtu aliingiaje ndani.

Kiangazi chake cha mwisho ulimrekodi kwa simu, unakumbuka? Uliiweka simu juu ya kinu, kuku wanapita. Ukamwambia, "Babu, paza kidogo."

Akakujibu, "Mimi sipazi. Hicho kisimu chako kisogee."

"Kimeshasogea, Babu."

"Basi kina masikio mabovu. Mwenye kutaka kusikia husogea."

Tulipomzika tukabaki na rekodi hiyo. Ukiifungulia, nyuzi zinaruka kama mahindi kikaangoni na mnong'ono haupo. Ukiongeza sauti ili umpate Babu, nyuzi zinapasua spika. Ndipo ulipoagiza vile vipande kutoka Dar es Salaam, bodi tupu na mfuko wa vidude, na mimi nikaja nyumbani msimu wa kupanda maharage tukavichomea jikoni. Wewe ulisoma mchoro, mimi nilishika pasi ya kuchomea, ile inayoyeyusha waya wa risasi.

Umeniuliza mara nyingi nilijifunzia wapi, nami nimekujibu "kambini" halafu nikabadilisha maneno. Nilikuwa nimeacha shule darasa la tano. Kulikuwa na Mkongo, mkimbizi kama sisi, Papa Dezire, akitengeneza redio chini ya turubai. Nilimchotea maji, naye kwa malipo yake akaniruhusu nimshikie tochi. Siku nyingine alinipa pasi nishike mwenyewe. Aliponiona nageuzageuza bodi huku na huku nikitafuta ubovu kwa macho, alinipiga kofi dogo la kisogoni. "Sikiya kwanza, mtoto. Macho inadanganyaka. Brui iko na nyumba yake. Utafute nyumba." Brui ni kelele, kwa maneno yao. Yule mzee aliichukia kelele kama wengine wanavyomchukia nyoka. Ile sauti ya shshsh inayokaa nyuma ya redio mbovu aliiwinda mpaka aimalize, ndipo anakunywa chai yake. Nami nikakua naichukia vilevile. Sikujua kwamba chuki nayo huzeeka ndani ya mtu ikawa haisikilizi tena.

Kwa maana unakumbuka nilichokifanya. Nataka kukusimulia kwa upande wangu, maana siku ile hukuniuliza kwa nini.

Tulikuwa tumemaliza kujenga. Taa ndogo nyekundu ikawaka, mshale ukacheza, ukapiga makofi, ukaenda zako kisimani ukiimba. Nikabaki peke yangu nikaweka rekodi ya Babu. Nyuzi zilikuwa zimetulia vizuri, zimelainika kama mtu amezipaka mafuta. Lakini chini yake nikasikia shshsh. Nikasema, aha. Nyoka huyu.

Nikaanza kumwinda. Nilisogeza adapta mbali na bodi, pengine ni umeme. Bado. Nikasokota nyaya pamoja. Bado. Nikatoa ile chipu yenye miguu minane nikaweka ya akiba. Bado, na huku nilikuwa najisifu kwamba siachi kitu. Mwishoni nikachukua kapasita ndogo nikaichomea pale sauti inapotokea, ili ile sauti nyembamba imezwe iende ardhini. Ikanyamaza. Nikaketi nikajiambia, Papa Dezire angekunywa chai sasa.

Ukaingia na ndoo kichwani. Ukasimama mlangoni, hukuitua. Ukasikiliza kidogo, ukauliza, "Mama, Babu yuko wapi?"

Nikasema, "Si huyo anapiga?"

"Hizo ni nyuzi. Yeye mwenyewe umemweka wapi?"

Ilikuwa ndoo nzima ya maji iliyonimwagikia, ingawa yako ilibaki kichwani. Ile shshsh niliyoiwinda asubuhi yote ndiyo ilikuwa yeye. Mnong'ono ule ule ulionilaza utoto wangu wote, nilikuwa nimeupa jina la ubovu nikauchomea risasi. Hukucheka. Ulitua ndoo, ukachukua pasi, ukaitoa ile kapasita, ukanipa mkononi ikiwa bado ya moto. Ninayo mpaka leo, nimeifunga kwenye pindo la kanga. Tulikaa sakafuni tukasikiliza tena, nawe ukawa unanitafsiria, "Sasa anasema mto umejaa. Sasa anasema ng'ombe wamegoma." Nikaitikia kwa kichwa. Niliona aibu kukuuliza mbona wewe unapata maneno na mimi napata upepo tu.

Shika hilo swali. Tutalirudia.

Sasa habari za ugonjwa huu wa juzi. Kasulu mjini, nyuma ya soko, kuna duka la kutengeneza simu la Mzee Shabani. Mzaliwa wa Ujiji, lakini ukimpa nafasi atakuambia babu zake walitoka pwani na walikuwa na viatu wakati wa kwetu hawana. Ananiazima kona ya meza yake Jumapili nikitoka kanisani. Ninamfagilia duka na kumvumilia.

Aliponiona naitoa mashine kwenye boksi alisema, "Mama Yusta, leo umetuletea bomu?"

"Ni ya mwanangu. Inakata sauti."

"Inakata wakati gani?"

"Inapotaka."

"Basi ni ya kike."

"Mzee Shabani, nina nyundo ya kokoto kwenye mkoba."

Akanisogezea kiti.

Ukiwa na kifaa kinachokata na kurudi, usibadilishe chochote kwanza. Kiache kiumwe mbele yako. Niliiwasha, nikaipitishia mlio mmoja wa simu, ule ulionyooka usiopanda wala kushuka, nikachukua kijiti cha mswaki nikaanza kugonga bodi taratibu, sehemu moja baada ya nyingine, kama daktari anavyogonga kifua. Hapa kimya. Hapa kimya. Nilipogusa karibu na tundu la kutokea, mlio ukakatika, ukarudi. Nyumba ya kelele.

Nikainamisha taa. Kiungo kizuri cha risasi kinang'aa na kimeinama kama tone la maji juu ya jani la mgomba. Hiki kilikuwa cha rangi ya majivu, na ukikitazama vizuri kilikuwa na ufa kukizunguka, mwembamba kama unywele. Vichache kwenye bodi ile nilikuachia uvichomee wewe. Hiki ni changu. Nakikumbuka. Ile siku nilikuwa nimefika kutoka machimboni, mikono bado inatetemeka kwa nyundo, na nilitaka kukuonyesha kwamba bado naweza. Niligusa, risasi ikayeyuka, na nikaondoa mkono kabla haijakaa. Kwa macho ilishika. Ikavumilia mpaka juma lile ilipopasuka, na barabara ya Kumsenga ikaupanua ufa.

Nikakiyeyusha upya, nikashikilia waya bila kupumua mpaka ukungu ule unaopita juu ya risasi ukapita. Na nilipokuwa nashikilia hivyo, bila sababu, nikakuona ukiwa darasa la tatu, umesimama kwenye kona ya nyumba siku niliyoondoka kuja kugonga mawe huku. Hukulia. Nikajiambia, mtoto huyu ameshika. Niliondoka mapema sana, Yusta. Nilidhani watoto wanaolia ndio wanaoumia. Baadaye baba yako aliniambia kwamba kwa miezi ulikuwa ukilala na kiatu changu kimoja. Nimeliandika hili ili ujue nalijua.

Baada ya ufa, nikaanza kuiweka sawa, maana ukigusa mahali pamoja pengine panahama. Unajua ina skrubu ndogo tatu, zile za kugeuza kwa bisibisi ya saa. Kwenye mchoro zina majina yake, mimi nimezipa yangu.

Ya kwanza ni ya mshale. Mashine ikiwa haifanyi kazi yoyote mshale usimame kwenye sifuri. Hiyo ni ya macho tu. Nimeiweka, nikaipaka tone la rangi ya kucha juu isihame.

Ya pili ni ya usingizi. Ile transista inayobana sauti inatakiwa ikae ukingoni, si macho wala si usingizini. Unapitisha mlio ulionyooka, unageuza skrubu mpaka mwisho ambako transista imelala kabisa na sauti imepanda juu. Halafu unarudi nyuma, polepole, polepole kuliko unavyodhani, mpaka uone mshale unaanza kushuka kidogo, kama kichwa cha mtu anayesinzia kanisani kinavyoinama mara ya kwanza. Hapohapo unaacha. Ukizidisha, inabana hata palipo na ukimya, na sauti yote inakuwa kama mtu aliyefunikwa blanketi. Ukipunguza, haiamki kwa wakati, na nyuzi zinaruka. Hiyo pia mshale unakuonyesha. Nimeiweka, nimeipaka rangi. Joto la Kigoma linaweza kuihamisha kidogo, huku kwetu ni baridi. Ikihama, kwangua rangi ufanye upya, usiogope.

Ya tatu ni ya kulainisha. Sauti ikibanwa hupata mkwaruzo, kama ulimi wa paka. Ukigeuza skrubu hii unafika mahali mkwaruzo unaondoka, ukipitiliza unarudi kwa upande mwingine. Ni mahali padogo sana. Mafundi wenye vyombo vikubwa wanapapima. Sisi tuna sikio tu.

Hiyo niliianza jioni moja, sikungoja Jumapili, nikitoka moja kwa moja machimboni. Niliona sikio limefunguka vizuri. Nikageuza, nikageuza, nikasema hapa pazuri. Nikampigia Mzee Shabani rekodi ya Babu.

Akauliza, "Umeongeza au umepunguza?"

"Nimelainisha."

"Mbona paka wangu amekimbia?"

Nilidhani ni utani. Nikamtazama, akawa hacheki. Akaniambia taratibu, "Mama Yusta, hii inakwaruza mpaka meno yananiuma. Na umeifungulia juu kiasi gani? Watu wa sokoni wamegeuka."

Nikageuka na kweli, muuza dagaa alikuwa ametukodolea macho.

Nikasema nitarudi Jumapili, masikio yakiwa yamepumzika. Unaelewa, tukigonga mawe mchana kutwa masikio hujifunga. Ni kama yana kompresa yake ndani, yanabana yakisikia nyundo. Zamani, nikishanawa na kula, yalikuwa yanafunguka, nikasikia vyura. Siku hizi yanachelewa. Jumapili nikaenda. Nikakaa kimya muda mrefu kwanza, kama Papa Dezire alivyonifunza. Nikaweka rekodi. Nikageuza skrubu upande huu mpaka mwisho, nikaigeuza upande ule mpaka mwisho. Kwangu ilikuwa ni kitu kilekile.

Mzee Shabani alikuwa ameacha kazi yake. Akasema, "Niache nikusikilizie mimi."

"Wewe humjui Babu."

"Kelele ni kelele."

"Ndivyo nilivyodhani mimi pia," nikamwambia.

Hakunielewa, nami sikumweleza. Lakini aliniwekea chai bila utani wowote, na kwa Mzee Shabani hiyo ni rambirambi.

Kwa hiyo, mwanangu, skrubu ya tatu haina rangi. Nilitaka kukuandikia kwamba ni kwa sababu ya joto la Kigoma, na ningeweza kuishia hapo, ungeamini. Joto nimekwisha kulisema, nalo ni la skrubu ya pili. Hii ya tatu nimeiacha kwa sababu siwezi. Sikio la kushoto limekwenda karibu lote. La kulia linasikia nyundo, redio, na watu wanaonifokea kwa upendo kama Mama Restuta. Vitu vidogo havifiki. Siku ile jikoni, uliponitafsiria mto na ng'ombe, ndipo nilipoanza kujua, nikakataa kujua. Ndiyo maana niliupa mnong'ono wa baba yangu jina la kelele. Ulikuwa umebaki hivyo kwangu.

Usiwe na huzuni ndefu juu ya hili. Sikuandika ili urudi. Kama ukishuka kwenye basi kwa ajili ya masikio yangu nitakupiga kwa nyundo yenyewe. Naandika kwa sababu utafika kesho mchana na yule bwana atakusikiliza keshokutwa, na katikati una jioni moja. Itumie hivi. Iwashe mashine iache ipate joto wakati unakula. Tafuta chumba ambacho watu wameacha kuongea. Weka rekodi, fumba macho, geuza skrubu ya tatu kwa pumzi moja moja. Usitafute mahali ambapo kelele imeisha. Huko nilishakwenda, hakuna mtu. Tafuta mahali ambapo unamsikia yule mtu amefika mlangoni pake na mlango haupo, na maneno yanakuja bila kukukwaruza. Ukipafikia mkono wako utajua, utaona wenyewe umesimama. Chupa ya rangi ya kucha iko ndani ya boksi, imezungushiwa soksi. Ni ile nyekundu niliyopaka siku ya harusi ya shangazi yako, imebaki kidogo chini, lakini tone moja linatosha.

Kuna jambo nataka kukuambia ambalo Papa Dezire hakulijua. Jumapili ile, Mzee Shabani alipoingia ndani kuswali adhuhuri, nilibaki na mashine peke yangu. Rekodi ilikuwa inaendelea. Nyuzi nilizisikia kwa mbali, zikipiga, zikaacha. Kwenye ule mwanya kati ya pigo na pigo hakukuwa na kitu, palikuwa kimya kama ndani ya kisima. Lakini nikatazama mshale, ukawa unatikisika. Kidogo tu, kama unyasi ambao mdudu anapanda. Nyuzi zikipiga unapanda wote, nyuzi zikinyamaza unabaki unatetemeka hapohapo chini. Nikasogea mpaka pua ikagusa kioo. Mzee Shabani aliporudi alinikuta bado nimeinama hivyo. Baba yangu alikuwa anaongea, na mimi nilikuwa namwona.

Jua limekwisha kuzama sasa na Mama Restuta ananiita nile, najua kwa sababu anapunga mwiko. Nitamalizia hili moja.

Kesho basi halitasimama sana, na stendi ina wapiga debe na honi. Wewe una tabia ya kusema mambo makubwa kwa sauti ndogo, umeichukua kwa Babu. Unaposoma hapa, kuagana kwetu kumekwisha kupita. Ikiwa dirishani uliniambia neno, nami nikatabasamu nikainamisha kichwa kama niliyekubali na kukushika mkono, ujue sikulisikia. Niliitikia uso wako.

Ukishaipaka rangi skrubu ya tatu, lirudie neno hilo kwenye mashine. Usipaze. Liseme kama ulivyolisema. Lirekodi unitumie, nami Jumapili nitalipeleka kwa Mzee Shabani. Ana redio kaseti kuukuu yenye mshale mbele. Nitasogea.

Mama yako,
Heru Juu